Stesheni Ilikuwa Kushoto mwa Soko

Jumapili, 2 Machi

Sindano amekuja na wazo. Hilo peke yake linatosha kumfanya mtu mwenye akili afunge mlango.

Sindano ni fundi cherehani mstaafu, anakaa ghorofa ya chini. Jina nimempa mimi: mwembamba, anang'aa, anachoma. Ni mtu wa kwetu, kwa bahati mbaya. Tumegombana tangu tulipoletwa katika mji huu, tukiwa bado na nywele, na ugomvi wetu mkubwa ni stesheni. Mimi nasema stesheni ya kwetu ilikuwa kushoto mwa soko. Yeye anasema kulia. Mimi nilikuwa mchora ramani katika ofisi ya upimaji. Yeye alikuwa anapima viuno. Sioni hata cha kujadili. Mji wenyewe tunasikia umebomolewa ukajengwa upya, kwa hiyo hakuna wa kutumwa akaangalie.

Wazo lenyewe: safari fupi ya watu watatu. Yeye, mimi, na Bi Miwani wa mlango wa pili. Tulale mjini, siku moja tutembelee mashamba ya mizabibu, siku nyingine tukaone wanyama wa porini. Ameleta na kijitabu chenye picha. Nikamuuliza mji gani. Akautaja huku anatazama viatu vyake.

Ndio mji wa binti wa Bi Miwani!

Yule binti anataka mama yake ahamie kwake. Ana nyumba kubwa, ana chumba kinachopata jua. Bi Miwani hajakubali, hajakataa. Na Bi Miwani ndiye anayetukaribisha kahawa kila Alhamisi, ndiye pekee katika mtaa huu mzima ambaye ukimtajia harufu ya vumbi la kwetu baada ya mvua hakuulizi ni vumbi gani. Akiondoka nitabaki na nani? Nitabaki na Sindano. Mimi na Sindano, kila Alhamisi, mpaka mmoja wetu azikwe!

Kwa nini Sindano anataka kumpeleka mwanamke huyu kwenye mdomo wa mamba? Kuna jambo.

Jumatatu, 3 Machi

Nimelala vibaya, nimeamka na mpango. Iwapo safari haizuiliki, basi lazima siku ya wanyama niwe peke yangu na Bi Miwani. Porini mtu anazungumza vizuri. Nitamshawishi abaki.

Nimekwenda kwa wakala wa safari, mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza. Nimemweleza kwa siri, kama mtu anayemjali mwenzake, kwamba Sindano ana hofu kubwa ya wanyama. Nimesema akiona hata mbuzi moyo unamwenda mbio. Nimeshauri siku hiyo abaki mjini, apelekwe makumbusho, vitu vilivyokufa havimsumbui.

Wakala akanisikiliza sana. Kisha akauliza, pole pole: "Na wewe, baba? Hali yako inaendeleaje?" Nikasema naendelea vizuri. Akanipigapiga mkono. Akasema kukiri ni nusu ya safari.

Kukiri nini? Simwamini mwanamke huyu.

Alhamisi, 6 Machi

Kahawa kwa Bi Miwani. Zamani alikuwa anapima macho ya watu, ndipo jina likaja, na bado anakutazama kama anayekuuliza kama unaona vizuri hivi au hivi. Amenunua viatu vya kutembelea. Amesema wazi, huku anamimina, kwamba huko huko ndiko atakakoamua: kuhamia kwa binti au kubaki. Akarudisha birika mezani kama aliyesema kitu kidogo.

Nimemtazama Sindano. Hakushtuka! Na koti lake limetiwa bitana mpya, ya hariri. Mwanamume hatii bitana ya hariri kwa ajili ya kutazama swala.

Usiku nimetoa ramani yangu ya eneo lile. Niliipata ofisini mwaka ule tulipofika, karatasi nzuri, mistari safi. Siku hizi watu wanaongozwa na simu. Simu inamfanya kila mtu aamini kwamba yeye ndiye kitovu cha dunia. Ramani inakuambia ukweli: dunia iko hapa, wewe jitafute. Nimeona njia ya mkato, nzuri ajabu, inapita bondeni kuelekea kwenye mbuga. Nimeikoleza kwa wino mwekundu. Bi Miwani atajua ni nani anayejua njia.

Ijumaa, 14 Machi

Treni. Nilipanda wa kwanza, nikatandaza koti langu kwenye kiti cha karibu na dirisha na kingine cha pembeni nikakiwekea kofia. Mkakati mzuri. Nikaenda kumtafutia Bi Miwani chai. Foleni ndefu. Niliporudi, kiti changu kimekaliwa na mfuko wa zawadi za binti, kofia imewekwa juu kwenye rafu, na koti langu limetandazwa magotini mwa Sindano. Bi Miwani akasema mwenzangu alikuwa anasikia baridi, je, nina neno? Nikasema sina. Nikasimama mpaka mwisho, nimeshika chai inayopoa.

Hotelini, jambo la ajabu. Mimi na Sindano tumepewa chumba kimoja. Kitanda kimoja! Nikateremka kulalamika. Mtu wa mapokezi akanong'ona kwamba wakala amepiga simu mwenyewe: wazee wawili hawa wasiachwe peke yao, kila mmoja ameombewa aangaliwe na mwenzake.

Ameombewa na nani? Nimeuliza, hakutaka kusema. Sindano naye alikuwa nyuma yangu, anauliza swali hilo hilo, kwa uso wa mtu mwema. Nimemwona.

Anakoroma. Tena kwa lafudhi ya kwetu.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika kwa hasira, wino unaruka.

Mashamba ya mizabibu. Vilima, mistari ya mizabibu iliyonyooka kama niliyoichora mimi. Wote walipewa glasi ya mvinyo waonje. Mimi nilipewa kikombe cha plastiki chenye maji ya zabibu. Nikasema nadhani kuna makosa. Mwongozaji akanivuta kando, akaniambia kwa huruma: "Baba, leo ni siku njema. Usitazame kesho. Tazama leo tu."

Nikaelewa. Mtu amewaambia kwamba mimi ni mlevi! Mimi! Mtu ambaye kileo chake cha mwisho kilikuwa dawa ya kikohozi!

Sindano. Nani mwingine? Hebu fikiria moyo wa mtu anayekwenda kwa wakala, kwa siri, kusema uongo juu ya afya ya rafiki yake, ili tu apate nafasi ya kuwa peke yake na mwanamke. Nimeishi sana, nimesoma sana, sijapata kukutana na uovu wa namna hiyo.

Wao wakateremka kwenye ghala la mvinyo. Mimi nikaachwa kwenye benchi pamoja na watoto wa watu. Nikawatoroka. Nikajipenyeza, nikajibanza nyuma ya pipa. Nikawasikia. Sindano alikuwa anamwambia, tena kwa sauti ya chini, kwamba magoti yake yanahitaji jua, kwamba asiangalie watu, ahamie tu kwa binti. Bi Miwani akamuuliza: "Na ninyi je, kaka?"  Sindano akasema atamshonea mapazia ya chumba hicho cha jua.

Mapazia! Nilijua!

Nikasogea nisikie zaidi, nikaegemea kitu. Kitu kilikuwa bomba la pipa. Mvinyo ukanimwagikia kuanzia kiunoni kushuka. Nikajaribu kulifunga, likazidi. Walipofika walinikuta nimepiga magoti chini ya pipa, nimelikumbatia. Mwongozaji alinitoa nje kwa mkono, machozi yanamlengalenga, ananiambia kuanguka si mwisho.

 Bi Miwani alinitazama kupitia lenzi moja, kisha nyingine.

Sindano amefua suruali yangu kwenye sinki bila kuombwa. Anaficha ushahidi.

Jumapili, 16 Machi

Siku ya wanyama. Siku yangu.

Ilianza kuharibika mapema. Sindano alipoambiwa ana makumbusho alikataa kata kata, akaapa amechunga mbuzi tangu utotoni. Watu wa safari wakasema wanaelewa, wengi huficha. Mwishowe wakamruhusu kwa masharti: akae kiti cha nyuma, ajifunike blanketi, na dereva amtangazie kila mnyama kabla ya kumwona, asije akashtuka.

Dereva alikuwa mgeni kazini, mtu mnyenyekevu. Basi akawa anatangaza kweli: "Mzee wangu, vuta pumzi, mbele kuna bata. Ni bata tu, mzee wangu." Sindano alikuwa anameza hasira mpaka shingo imevimba. Nilifurahi mno, nikaona ndio wakati wa ramani.

Nikamwambia dereva ipo njia ya mkato. Akatazama simu yake, akatazama ramani, akaona mistari ilivyo safi. Akasema mtu mzima hadanganyi. Tukakata kushoto. Tulikwenda vizuri, barabara ikawa nyembamba, ikawa majani, kisha ikaingia majini. Ziwa zima! Lami ilikuwa inaonekana inateremka chini ya maji kama ngazi. Dereva akasema kwa adabu kwamba hili ni bwawa, lilijengwa siku nyingi. Nikamwonyesha ramani. Hakuna bwawa. Bwawa ndilo lililokosea.

Katika kugeuza, gari likazama kwenye matope. Dereva akaenda kwa miguu kutafuta trekta. Tukabaki watatu, na korongo mmoja aliyesimama kwa mguu mmoja anatutazama kama karani.

Sindano akatupa blanketi. Akasema: "Ndugu yangu, hata stesheni hukujua ilipokuwa!"

Hapo hapo tukaanza. Kushoto! Kulia! Mimi nikachora soko kwenye vumbi la kioo cha gari: hapa mlango wa samaki, hapa muuza kamba, hapa reli. Yeye akafuta kwa bitana yake ya hariri, akachora upya. Nikamwita mpima viuno. Akaniita mlevi. Nikamwambia unathubutu! Akasema je, nani alinifanya mimi nisomewe majina ya bata?

Bi Miwani akaanza kucheka. Sijamwona anacheka vile. Alivua miwani, akafuta machozi, akavaa, akatutazama, akavua tena. Akasema wewe Sindano nyumbani kwenu kulikuwa kule bondeni, ulikuwa unaingia sokoni kwa chini. Na wewe Kaka Ramani mlikaa mlimani, ulikuwa unaingia kwa juu. Stesheni ilikuwa pale pale.

Nikamwambia kwa heshima zote kwamba ramani haina juu na chini za watu, ina kaskazini.

Akasema, kama anayejisemea: "Kule kwa binti yangu hakuna hata mmoja anayejua kwamba kulikuwa na stesheni."

Sikufuatilia sana maneno hayo kwa sababu kitu cha kahawia upande wa pili wa maji kilikuwa kimenivuta macho. Nilisema ni swala. Sindano alisema ni jiwe. Jioni, trekta lilipofika, kitu kikainuka kikaenda zake. Alikuwa ng'ombe. Kwa vyovyote nilikuwa karibu zaidi na ukweli.

Jumatatu, 17 Machi

Treni ya kurudi. Jana Bi Miwani alikula chakula cha usiku kwa binti yake, akarudi na macho mekundu na uso mwepesi. Treni ilipoanza kutembea akatuambia. Hahamii. Atakuwa anakwenda miezi ya baridi, kisha anarudi.

Moyo wangu! Nilitazama nje haraka, nikajifanya nahesabu nguzo.

Sindano alilia waziwazi. Amesema ni vumbi. Kisha akakiri mwenyewe kwamba alimtaka ahame kwa ajili ya yale magoti, ingawa Bi Miwani akiondoka, yeye Sindano hatajua Alhamisi aende wapi. Na kwamba alinisingizia ulevi ili nisiwepo, maana nikiwepo hakuna anayemaliza sentensi.

Bi Miwani akasema wakala alimpigia simu mapema kumwonya: anasafiri na mlevi na mgonjwa wa hofu. Alijua yote kabla ya treni. Akatuuliza mbona hakuna hata mmoja wetu aliyemjia akamwambia tu, dada, baki.

Swali zuri. Nimeliandika hapa nije nilifikirie nikipata nafasi.

Alhamisi, 20 Machi

Kahawa. Kila kitu kama zamani, ila si kama zamani.

Sindano ameleta mapazia. Ameshona kwa ajili ya dirisha la sebule ya Bi Miwani, lile lisilopata jua, ya rangi ya manjano, ili ukiyafunga chumba kionekane kama kimepata. Yameenea sawasawa. Alipima lini dirisha hilo? Nani alimfungulia? Mtu anayejua upana wa dirisha la mwanamke ana mengi anayoyajua.

Mimi sikuja mikono mitupu. Nilikuwa nimechora upya mji wetu wote kwa kumbukumbu: soko, mlango wa samaki, muuza kamba, mtaa wetu wa mlimani, na hata bondeni kwa kina Sindano, kwa kuwa mimi ni mtu wa haki. Stesheni nimeiweka kushoto, kwa wino usiofutika.

Bi Miwani aliipokea kwa mikono miwili. Alikaa nayo muda, anapitisha kidole mtaani kwao, taratibu, mpaka kahawa yake ikapoa. Kisha akaigeuza juu chini, akampa Sindano.

Sindano akaitazama, akasema: "Ahaa. Sasa hii ndiyo sawa."

Wakacheka. Wote wawili, kwa pamoja!

Wana jambo hawa. Nimesikia kuna safari za mwisho wa wiki kwenda baharini. Kesho asubuhi nakwenda kwa wakala, nimweleze kwa siri, kama mtu anayemjali mwenzake, jinsi Sindano anavyoogopa maji.