Yai Tunduni na Kiti cha Mwenye Nyumba

Jumatatu, 9 Februari

Baridi kali. Siku ya kufua. Lavina, mke wa mwanangu Elam, ameanika nguo tangu alfajiri, na suruali zangu zimekakamaa kwa barafu. Zimesimama kambani kama wazee wa kanisa waliogoma kukaa.

Niyaweke mambo wazi mwanzoni, kama ipasavyo kwa hotuba yoyote yenye heshima. Nyumba hii niliijenga mimi, Benuel Esh. Mke wangu Malinda alizikwa masika yaliyopita. Novemba, Elam, kitindamimba wetu, akaoa, nami nikahamia kijumba cha wazee kilichoungwa ubavuni mwa nyumba kubwa, kama desturi yetu itakavyo. Sikunung'unika. (Nilinung'unika kidogo.) Nilichukua saa ya ukutani na kikaango cha chuma cha marehemu. Basi.

Kifungua kinywa bado nakula nao, nyumba kubwa. Lakini nimekaa wapi? Ubavuni! Kando ya birika! Kile kiti cha mwisho wa meza, chenye mgongo mrefu, anakikalia Elam. Yeye ndiye ainamishaye kichwa kuanza sala ya kimya, na yeye ndiye akohoaye kuashiria kwamba imekwisha. Na sala zake ni fupi, jamani! Mimi sijafika hata kwenye mkate wetu wa kila siku, yeye amekwisha kuupaka siagi.

Leo kanijulisha kwamba ibada ya Jumapili, ambayo sisi huizungusha nyumba hadi nyumba, itafanyika kwetu, na kwamba askofu mgeni kutoka Ohio, Mose Troyer, atalala hapa Jumamosi na kula nasi asubuhi yake. Nikaitikia kwa kichwa, kwa utulivu. Ndani nilichemka. Askofu aingie nyumba niliyoijenga kwa mikono hii, anikute nimeketi na birika?

Haitawezekana. Kiti kile kitarudi kwangu kabla ya Jumapili.

Jumanne, 10 Februari

Kaja jirani yangu Ephraim Zook, eti kuazima tupa ya kunolea. Hakuja kwa tupa. Alikuja kunieleza kwamba kwake, ingawa naye amemwachia mwanawe shamba, hakuna anayeonja hata uji kabla yeye hajakohoa. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya upole wa kinafiki: "Na wewe, mzee mwenzangu, bado wanakukalisha na birika? Angalau unapata joto."

Nimempa tupa butu.

Hasira, hata hivyo, ni mama wa mipango. Nikakumbuka yai tunduni. Malinda alilipika kila Jumapili ya ibada: kipande cha mkate kilichotobolewa katikati, kikaangwe kwa siagi, yai lipasuliwe ndani ya tundu. Elam alipokuwa mdogo alikuwa akishuka ngazi akiwa bado amefumba macho, anaifuata ile harufu. Sasa tazameni hoja yangu ilivyojengeka. Akiinusa tena, moyo utalainika. Moyo ukilainika, miguu itasimama. Miguu ikisimama, kiti ki wazi. Wala sitaomba. Kuomba ni udhalili. Kunusisha ni hekima.

Nikamwendea Lavina, aliyekuwa amezama katika unga wa mikate ya wageni, nikamweleza kwamba kwa unyenyekevu nitampunguzia mzigo: Jumapili nitapika mimi. Akanitazama kana kwamba mimi ni ng'ombe aliyeomba kushika hatamu. Akauliza kama najua mayai yanatoka wapi. Nikamjibu kwamba nalijua hilo tangu baba yake hajazaliwa.

"Rafu ipi, Baba," akasema. "Ndiyo nauliza."

Jumatano, 11 Februari

Jaribio la kwanza, kijumbani kwangu. Nilichukua mkate moto moto kutoka tanurini, nikautoboa kwa bilauri. Ukasinyaa, ukanata, ukawa kitambaa. Nikaongeza kuni. Siagi ikawa nyeusi. Yai likaingia, likalia kama paka aliyekanyagwa, kisha likatoweka ndani ya moshi.

Elam akaja mbio na ndoo ya theluji, akaimwaga yote kikaangoni. Nikamwambia asihamaki, nilikuwa nafukuza panya. Akasema panya wameondoka, na mapazia yameondoka nao.

Kiburi cha kijana!

Alhamisi, 12 Februari

Leo nimetumia akili. Mtu wa hadhi yangu haombi mafunzo kwa mkwewe. Humfanya amfunze bila kujua. Nikaketi jikoni kwake, nikasema hewani kwamba mkate mzuri wa yai tunduni ni ule wa leo, na moto wake ni mkali.

Mtego ukafyatuka. Akaweka mwiko chini. "Nani kakudanganya, Baba? Mkate wa leo ni laini, utasinyaa. Chukua wa jana. Moto mdogo, siagi uiache mpaka iache kunong'ona, ndipo uweke mkate. Yai likiingia, funika. Usilichungulie kama mtoto wa ng'ombe. Na kile kidude cha mviringo ulichotoboa, kaanga pembeni, kichovye kwenye kiini."

Nimepata kila kitu, kwa werevu tupu! Nilipotoka nilimsikia akicheka na Elam. Bila shaka ni kwa jambo jingine.

Jaribio la pili: lilishika chini. La tatu: nilichungulia. Kuku hutaga kwa ubahili majira haya, na rafu imeanza kuonyesha mbao.

Ijumaa, 13 Februari

Aibu. Nimekwenda kuazima mayai kwa Ephraim. Alinihesabia taratibu, moja moja, mbele ya mwanawe na mkwewe, akasema laiti angejua kwamba nyumbani kwa Benuel wanamnyima mzee hata yai, angeleta na kuku. Wote wakacheka. Mwanawe alicheka baada ya Ephraim kuanza kucheka. Nililiona hilo. Kumbe hata kicheko huko kinangoja ruhusa!

Nikarudi nikapika. Mkate wa jana. Moto mdogo. Nikafunika, nikageukia ukuta nisichungulie.

Lilitoka. Pembeni rangi ya asali, ute umeshikana, kiini kinatetemeka. Nikachovya kile kidude cha mviringo. Lilikuwa yai la Malinda. Ladha yake kabisa, kana kwamba amepita tu dirishani kuchukua aproni. Nililila nimesimama, mpaka likaisha, na kikaango nikakifuta kwa mkate.

Sijui kwa nini nimeliandika hili. Halihusiani na kiti.

Jumamosi, 14 Februari

Askofu Mose Troyer amewasili. Mtu mrefu, ndevu hadi vifungo vya koti, tumbo la mtu anayekula kwa wakati. Alisimama uwanjani akaitazama nyumba, akasema: "Nyumba imara, Elam."

Nikakohoa.

Akaniuliza kama nina mafua.

Nieleze kidogo uchungu wangu. Mara mbili katika maisha yangu nimeingia katika kura ya kuchagua mhubiri, ile ya kuokota kikaratasi. Mara mbili kura ikamwangukia mwingine. Mara ya pili ilimwangukia mtu anayehubiri kama anayetafuta glavu gizani. Nilikubali, ni mapenzi ya Mungu. Lakini kichwa hiki kimejaa hotuba zisizo na wasikilizaji, na kilichobaki kwangu ni sala ya kimya mezani, ambayo nayo mtoto wangu anaikata kwa kikohozi.

Kesho.

Jumapili, 15 Februari

Niandike kwa utaratibu.

Niliamka kabla ya jogoo. Nikawasha jiko la nyumba kubwa. Mkate wa jana. Siagi ikanong'ona, ikanyamaza. Mayai yakaingia tunduni bila hata moja kupasuka. Sahani zikawa mezani, viini vikitetemeka. Askofu ameketi. Lavina akanong'ona, "Hee, Baba!" na katika kinywa cha Lavina hiyo ni tuzo.

Elam akaingia kutoka kukamua. Akasimama mlangoni na ndoo mkononi. Akanusa. Akafumba macho.

Kisha akasema, mbele ya askofu, bila mimi kufumbua mdomo: "Baba, leo kaa wewe pale."

Ushindi! Nikakataa mara moja, kwa adabu. Nikakaa upesi, asije akabadili mawazo.

Sasa, mtu wa kawaida angeinamisha kichwa, angesali Baba Yetu, angekohoa, angekula. Lakini ilinipasa askofu aione tofauti kati ya sala ya mvulana na sala ya mwenye nyumba. Nikaisali Baba Yetu. Nikairudia polepole. Nikawaombea wajane, wagonjwa, farasi wa Ephraim mwenye kwato mbovu (Ephraim mwenyewe nikampita). Nikawaombea wote waliowahi kuingia katika kura wakakosa, nikikaa sana juu ya hao. Jiko lilikuwa na joto jema mgongoni mwangu. Kiti kilikuwa kipana. Tangu alfajiri sikuwa nimeketi.

Sikulala. Nasisitiza hilo mbele ya yeyote. Nilizama.

Yaliyofuata nimeelezwa na watu wasionitakia mema. Kwetu hakuna mkono ugusao mkate kabla mwenye kiti hajamaliza. Basi wakangoja. Elam akakohoa. Askofu akakohoa. Lavina akaangusha kijiko kwa makusudi, akakiokota, akakiangusha tena. Nje, waumini wakaanza kufika na magari yao ya farasi, wakachungulia dirishani, wakaona familia nzima imeinama na askofu, wakadhani kuna msiba. Wanaume wakavua kofia. Wakasimama kwenye theluji, vichwa wazi, wakiomboleza. Ephraim Zook mbele yao, machozi tayari.

Hapo ndipo paji langu la uso liliposhukia yai langu.

Niliinua kichwa, nikakohoa kwa heshima. Hakuna aliyekula. Siagi ilikuwa imegeuka nyeupe sahanini, viini vimekuwa vigumu kama vifungo. Laini lilikuwa langu peke yake, lililotunzwa joto na ndevu.

Askofu akahubiri kwa tumbo tupu, juu ya wale wapendao kurefusha sala ili waonwe na watu. Hakunitazama hata mara moja. Wengine wote walinitazama. Baadaye Ephraim akaja kunishika mkono. "Pole, mzee mwenzangu," akasema. "Tulidhani umekufa. Nilikuwa nimekwisha kukusamehe."

Jumatatu, 16 Februari

Elam amekuja kijumbani baada ya kukamua, kofia mkononi. Alisema kwa upole, na upole ni mbaya kuliko kelele. Yeye na Lavina wamezungumza. Asubuhi zina haraka, ng'ombe hawangoji. Kuanzia sasa Lavina ataniletea kifungua kinywa hapa kwangu, kwenye sinia, niweze kusali kwa kadiri nipendavyo.

Nikamwuliza: na kiti?

"Kiti kipo palepale, Baba."

Akageuka kuondoka, kisha akasimama, bila kunitazama. "Ile harufu, Baba. Kwa dakika moja nilidhani ni Mama yuko jikoni." Akaivaa kofia. "Halafu ukayaacha mayai yakapoa."

Akaenda zake.

Mimi, ambaye sijawahi kukosa jibu, nimelitafuta mchana kutwa, na sasa nimelipata. Kosa ni la jiko. Lilikuwa na joto mno mgongoni. Mtu yeyote angezama.

Jumatano, 18 Februari

Sinia limekuja. Mkate, yai moja, rojo ya matufaha. Yai limepikwa vizuri, nakiri. Nimeketi. Kijumba kina kiti kimoja tu, kwa hiyo popote nikaapo ni mahali pa mwenye nyumba.

Nilikuwa naanza kuinama niliposikia, kupitia ukutani, viti vikisogezwa kwao. Kisha kimya. Sala yao! Nikatega sikio. Ukuta ule niliujenga kwa mbao nyembamba, na leo nimeelewa kwamba niliona mbali. Nikavuta pumzi. Nikakohoa, kikohozi kamili cha mwenye nyumba.

Vijiko vikaanza kugonga sahani!

Wakala! Kwa ishara yangu! Elam akakohoa baada yangu, kama mwangwi wa kuchelewa. Nilicheka mpaka machozi. Muda si muda Lavina akafungua mlango na chupa ya asali iliyochanganywa na kitunguu, akaniambia niimeze yote, kifua hicho ni kibaya. Nikaimeza. Mshindi huvumilia.

Yai langu lilikuwa limepoa kabisa. Si kitu. Kesho Elam atajihadhari, atakohoa mapema zaidi. Basi nami nitakohoa mara tu viti vitakaponyamaza. Baba Yetu wa mbinguni, maneno hayo tu, halafu kikohozi.