Mbuzi Mia kwa Kiajemi

Jumamosi, 2 Machi 1996. Garissa.
Dada yangu Osob ametoa hukumu. Nisipopata kazi kufikia siku ya soko, Jumatano, narudi Griftu kuchunga ngamia wa mjomba. Mimi, wa kidato cha nne! Haitakuwa. Kuna mnunuzi wa mbuzi kutoka Uajemi, hana mkalimani. Nimeazima kitabu cha Kiajemi kwa baharia mstaafu.

Jumapili, 3 Machi
Sura ya idadi. Yek, do, se. Lugha ya busara: mbuzi mmoja ni boz, mbuzi mia ni boz vilevile. Mifugo huhesabiwa kwa vichwa, ras. Nilimwomba Osob kami shekar, sukari kidogo. Alijibu kwamba hata niombe kwa Kichina, walahi, sukari imekwisha.

Jumanne, 5 Machi
Nimekutana na Issack, dalali wa yule Mwajemi. Mtu wa majivuno, anavaa saa mbili. Aliniita maalim mbele ya watu, akauliza kama mbuzi nao wamesoma Kiajemi. Walicheka. Lakini Mwajemi alifurahia salamu yangu. Kesho nitajaribiwa. Issack ajihadhari!

Jumatano, 6 Machi
Sokoni. Issack na mwenye mbuzi walishikana mikono chini ya shuka, kama ilivyo desturi ya madalali wetu. Vidole husema bei, jirani asijue. Mwajemi naye akaingiza mkono. Kimya. Mkalimani wa kimya ni wa nini? Niliiona Griftu waziwazi. Nikainua shuka, nikasoma vidole, nikasimama wima na kutangaza: Sad ras boz! Vichwa mia vya mbuzi! Kisha bei, kwa Kiajemi, Kisomali na Kiswahili. Sarufi safi kabisa.
Soko zima liligeuka. Wenye mbuzi wote wakapandisha bei papo hapo. Muuzaji wetu akachomoa mkono. Mwajemi akaondoka bila hata kwato moja. Issack aliapa kwamba kama ningekuwa mbuzi, hata bure hangenichukua.

Ijumaa, 8 Machi. Juu ya lori.
Osob amenifungia maziwa ya safari, akasema niwasalimie ngamia kwa lugha ninayoipenda. Nilikuwa nikichunguza kosa langu kwa utaratibu. Nimelipata. Watu wa upande wa ng'ombe hawakunisikia vizuri.
Mara nyingine, kipaza sauti.