Jinsi Mzee Breki Alivyoitetea Tisa Mlangoni

Sogeeni, enyi watu wa spana na matambara, mliolala chali chini ya magari hadi oili ikawadondokea machoni. Sogeeni nanyi mliowahi kupanga foleni tangu alfajiri, mkafika mezani mkaambiwa sheria mliyokuja nayo ni ya mwezi uliopita. Zimeni injini, mwenye redio aipunguze, na anayetafuna atafune polepole. Yasikieni matendo ya Mzee Breki, simba wa vumbi, mkunja usukani, mshindani wa kutu, ambaye asubuhi moja ya Jumapili alisimama mbele ya kamati nzima na hakurudi nyuma hata hatua moja, japo ni kweli pia kwamba gia ya kurudi nyuma ilikuwa imekufa tangu mwaka juzi.

Jina hilo hakupewa kwa sifa. Haikuwahi kuonekana kona ambayo Mzee Breki aliipita bila kuikanyagia breki, na hata njia iliponyooka alikanyaga kidogo, kwa adabu. Lakini ndani ya uwanja ule wa vumbi, nyuma ya kiwanda cha matofali, pale ambapo njia huonyeshwa kwa matairi mabovu yaliyopakwa chokaa, hapakuwa na dereva aliyelipenda gari lake kama yeye alivyolipenda lile gari dogo la milango minne, ambalo boneti lake lilitoka kwa gari jingine, taa zake kwa gari la tatu, na mlio wake hakuna ajuaye ulikotoka.

Kila kitu kilikuwa kimebadilishwa katika gari lile, isipokuwa mlango wa dereva. Mlango ule haukuguswa. Juu yake ilikaa namba tisa, nyeupe, iliyochorwa na mkono wa marehemu mkewe.

Mama yule alikuwa fundi cherehani, bingwa wa mkasi, mkata kitambaa asiyepoteza hata uzi. Siku ile alipoambiwa kuwa sheria inataka namba isizidi sentimita thelathini, alitoa futi yake ya kamba, akapima, akachora kwa chaki ya nguo, akapaka rangi huku mumewe ameshika kopo, kisha akapima tena: thelathini kamili. Mkia wa ile tisa aliukunja kidogo, ukawa kama mtu anayegeuka kuona iwapo kuna anayemfuata. Miezi minne baadaye akaugua, akaenda zake. Na Mzee Breki, ambaye nyumbani hakuwa ameweka hata picha moja ukutani, kila asubuhi alikuwa akiupangusa mlango ule kwa kitambaa kikavu kabla hajanywa chai.

Basi mjueni na adui. Adui alikuwa Kamati ya mashindano ya magari.

Msimu ulipoanza, Kamati ilitangaza kwamba mikanda iwe mipya, helmeti za zamani zinatosha. Watu wakanunua mikanda. Tangazo la pili likasema mikanda haina neno, helmeti ndizo ziwe mpya. Likaja la kizima moto: kikae nyuma ya kiti. Waliotoboa sakafu nyuma wakaambiwa kikae mbele. Waliokihamishia mbele wakaulizwa ni nani aliyewaruhusu kutoboa sakafu. Na kila sheria ilipogeuka, aliyelipa alikuwa yuleyule mwenye grisi kwenye kucha, na aliyekaa kivulini chini ya turubai alikuwa yuleyule mwenye kalamu. Mzee Breki aliuza kabati la vyombo ili apate helmeti, na sahani zake sasa zikawa zinaishi kwenye ndoo. Msimu ulianza na magari ishirini na mawili. Jumapili ile yalifika kumi na moja, kwa maana mfuko una mwisho ingawa matangazo hayana.

Ubavuni mwa shujaa alisimama shemeji yake, mdogo wa marehemu, mrithi wa cherehani, mwanamke ambaye ile futi ya kamba ya dada yake haikumtoka shingoni tangu kuamka mpaka kulala. Alikuja kubeba sanduku la spana na kutukana.

"Shemeji," alisema, "leo ukikanyaga breki kabla ya kona ya kwanza, naingia uwanjani kwa miguu. Nitakuzunguka mara mbili na kubaki na nafasi ya kununua maji."

"Ukinizunguka utavuta vumbi."

"Vumbi gani? Wewe huna mwendo wa kutimua vumbi."

Hapo ndipo akatokea Mkaguzi Mkuu. Watu walimwita Bwana Filimbi, kwa kuwa filimbi haikumtoka mdomoni ila kwa chakula na kwa amri. Mkononi alishika futi ya chuma, ile inayojikunja yenyewe ndani ya kisanduku chake, na kila alipoiachia ililia *krrrap!* na madereva wakajisikia wamepungukiwa. Akapima upana wa matairi. Akapima nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi. Akaegemeza futi mlangoni, akakunja uso.

"Thelathini na mbili," akanena.

"Thelathini," akasema Mzee Breki.

"Kwa mamlaka niliyokabidhiwa na Kamati, natamka kuwa namba hii imezidi. Ifutwe sasa hivi. Namba halali za kubandika zinauzwa pale mezani kwa mweka hazina, na bei imepanda kidogo tangu jana."

"Mwezi uliopita ilipita, Bwana Mkaguzi."

"Mwezi uliopita alipima naibu wangu, kwa futi yake. Leo napima mimi."

"Sasa namba imekua? Tisa hii hainyonyi, haili ugali. Itarefukaje sentimita mbili kwa mwezi mmoja?"

"Mimi sibishani na namba, mzee. Naipima." Akamwekea shujaa mkononi tambara lililolowa thina, ile dawa ya kuondolea rangi. "Dakika kumi. Bila kibandiko cha ukaguzi, huingii uwanjani, na hivyo ndivyo ilivyo."

Enyi mnaosikiliza, msiulize kwa nini mikono iliyowahi kung'oa giaboksi kwa kamba na kigogo ililemewa na tambara. Mzee Breki alipiga goti mbele ya mlango. Ni rangi tu, alijiambia. Kabati limeshakwenda, helmeti ipo, ada imelipwa, na hii ni rangi tu. Akalisogeza tambara hadi kwenye ncha ya ule mkia uliokunjwa. Harufu ya thina ikampanda puani. Mkono ukafika, ukasimama, na yeye aliyejulikana kwa kukanyaga breki kila mahali hakuwahi kukanyaga breki kubwa kama ile.

"Dada yangu," sauti ya shemeji ikapasua hewa, "amewavalisha nusu ya watu wa mtaa ule. Maharusi, wanakwaya, wanene, wembamba. Hakuna nguo hata moja iliyorudi. Hata moja! Halafu akosee tisa?" Akaivuta futi ya kamba shingoni kama askari anavyochomoa upanga, akainyoosha juu ya mlango. "Soma, Bwana Filimbi. Au unataka nikusomee?"

"Hiyo ni ya nguo," akasema Bwana Filimbi. "Hili ni gari."

"Sentimita ni sentimita, baba. Hazivai suruali."

Madereva wakacheka, foleni ikavunjika, watu wakasogea. Ndipo Mzee Breki akainuka, magoti yakalia, akamnyooshea Bwana Filimbi mkono. "Niazime yako."

Aliipokea ile futi ya chuma, akaivuta ncha yake, akaisogeza karibu na macho kama fundi anavyoangalia plagi iliyoungua. Akatafuta alama ya moja. Hakuiona. Chuma kilikuwa kimekatwa kwa mkasi, na kilianzia kwenye mbili.

"Bwana Filimbi," akauliza taratibu, "moja yako iko wapi?"

 Filimbi ikamponyoka Bwana Filimbi mdomoni, ikabaki ikining'inia shingoni.

"Ilibanwa na mlango wa pikapu ya Kamati," akasema Mkaguzi Mkuu kwa sauti ndogo. "Mwanzo wa msimu. Ilipinda, nikaona isije ikamkata mtu, nikaikata mimi."

Loo! Kilio kilichopanda hapo kilisikika hadi kwenye tanuri za matofali. Mmoja alikumbuka matairi aliyoyatupa kwa kuzidi upana. Mwingine alikumbuka bawa la nyuma la gari lake alilolikata kwa msumeno huku akilia. Na wale ambao magari yao yaliburuza tumbo kama mjusi, lakini wakapita ukaguzi kila mara, wakatazama pembeni kwa haya.

Ndipo Mzee Breki akawageukia wa chini ya turubai, na tangu siku ya mazishi hakuwahi kusema maneno mengi namna ile kwa mkupuo mmoja.

"Enyi wakubwa! Mlisema tukate, tukakata. Mlisema tununue, tukanunua. Kabati langu limegeuka helmeti, na bado sikusema neno. Kila mwezi mnatuletea sheria mpya, na kumbe hata kuhesabu mnaanzia katikati! Mke wangu hakusoma sana, lakini alianza na moja kama watu wote. Fungieni gari, lichukueni mkitaka. Tisa hii haifutwi."

Kamati ikainamisha vichwa, ikanong'ona, ikanywa soda. Mwishowe Mwenyekiti akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Kamati haijakosea," akatangaza. "Futi ndiyo iliyokosea. Na futi si mjumbe wa Kamati."

Hivyo ndivyo ulivyopatikana ushindi. Bwana Filimbi alichukua kibandiko cha kijani, kidogo kama mfuniko wa chupa, akakibandika kwenye kioo cha mbele, kichwa chini kwa aibu. Kisha akakohoa, akamgeukia shemeji.

"Yamebaki magari sita. Tafadhali, mama, naomba hiyo yako."

Shemeji akaivua kamba shingoni, akamwekea kiganjani. "Unairudisha. Hiyo ni ya dada."

Na kwa saa nzima, enyi watu, uwanja ule ulitawaliwa na futi ya kamba ya marehemu. Ilipita juu ya matairi na mabawa, ikawekwa ardhini chini ya matumbo, na ilichosema kamba hiyo kikawa sheria, ikawa ileile kwa wote. Mzee Breki hakutazama gari jingine lolote. Alisimama kando, tambara la thina limekauka mkononi, akiifuata kamba ile kwa macho.

Mashindano nayo yalikuwepo. Alikanyaga breki kabla ya kona ya kwanza, na shemeji akasikika akipiga kelele hadi ng'ambo. Magari mawili yalikufa njiani. Yeye akamaliza wa tisa kati ya tisa, na watu wakampigia honi kuliko aliyeshinda.

Iandikwe basi kwamba siku hiyo sheria ilipimwa ikakutwa fupi. Iandikwe pia kwamba Jumatatu likatoka tangazo: kila mshindani aje na futi yake ya kamba, na zile halali zinauzwa mezani kwa mweka hazina. Lakini mlangoni tisa imebaki, sentimita thelathini kamili, mkia umekunjwa, inageuka kuona iwapo kuna anayeifuata. Hakuna. Na Mzee Breki anaipangusa kwa kitambaa kikavu, halafu ndiyo anakunywa chai.