Picha ya Joka na Kiti Chenye Mikono

Jumatatu, 3 Agosti

Nina miaka sabini na mitatu. Nimewazika mameneja wawili, daktari aliyenikataza chumvi, na jumba zima la sinema nililolilinda mlango miaka thelathini na nne. Hakupita mtu bila tiketi. Hata binamu ya mwenye jumba alirudishwa nyumbani akaifuate yake. Darasani niliishia la tatu, lakini kwa kusoma tiketi nawashinda maprofesa.

Tumefika. Binti yangu katupangia likizo ya familia: bustani mbili za michezo na nyumba ya wageni yenye vitanda vinavyolia. Tupo watano. Binti, mume wake, mama watoto, mimi, na shemeji. Shemeji ni kaka wa mama watoto. Mimi sikumwalika.

Ugomvi wetu chanzo chake ni picha. Mwaka jana walikuja huku, mimi nikabaki nyumbani na mgongo. Shemeji akapanda Joka, lile gari la reli linalopanda juu kama ghorofa nane halafu linajiachia. Picha iko ukutani kwa binti. Shemeji mbele, shati limejaa upepo, nyuma yake mwanamke wa kofia ya njano kapanua mdomo kama kaona jeneza lake. Tangu hapo, tukienda kwa binti, shemeji anakalia kiti chenye mikono, kile kinachotazama mlango. Kiti kile ni changu. Nilimwambia ahame. Akasema aliyepanda Joka hahamishwi na aliyelala na chupa ya maji moto mgongoni.

Nikirudi bila picha yangu, kiti ndiyo basi tena. Mama watoto anasema kiti ni kiti tu. Hajawahi kulinda mlango, huyo.

Jumanne, 4 Agosti

Joka nimeliona. Refu kiasi. Pembeni kuna kibao: waliozidi miaka sabini hawapandi. Shemeji, ambaye anasema ana sitini na tisa, alinisomea kibao kwa sauti mara mbili, eti ananisaidia kwa kuwa miwani nimesahau. Yeye mwenyewe hakupanda. Anasema aliyefaulu mtihani harudii.

Mlangoni kasimama msichana mwenye filimbi shingoni. Nikamwambia nina sitini na mmoja. Hakubisha. Akauliza tu, harakaharaka, nimezaliwa mwaka gani.

Swali lile ni langu. Ndilo nililowanasia vijana wote waliojidai wametimiza kumi na minane. Nikapiga hesabu kichwani, nikapunguza umri, nikapunguza tena kwa usalama, nikataja mwaka. Akasema kumbe una thelathini na mmoja kaka yangu, pole, maisha yamekupiga. Foleni nzima ikacheka. Akanielekeza kwa farasi wa mbao wanaozunguka.

Nilipanda farasi ili watu wasidhani nimefukuzwa. Aliyekuwa wazi ni wa rangi ya waridi peke yake. Shemeji alikuwa kwenye benchi na simu. Kapiga picha kumi na moja. Anasema atachagua moja nzuri ya kuweka ukutani, karibu na yake.

Jumatano, 5 Agosti

Leo bustani ya pili, ya michezo ya maji. Joka tunalirudia Ijumaa, kwa hiyo leo nimefanya majaribio. Shida yangu ni mvi. Asubuhi nilijifungia bafuni na kopo la dawa ya viatu ya mkwe wangu, nyeusi. Nikapaka kichwa chote na nyusi, nikasugua kwa brashi mpaka ikang'aa. Kazi safi. Muuza tiketi kaniita kaka. Mama watoto hakuniita chochote, alihamia upande wa pili wa njia.

Kosa si langu. Hakuna aliyenieleza kwamba mashua tuliyopanda inaporomoka ndani ya bwawa. Tulipoibuka, dawa ilikuwa imeshuka machoni, shingoni, na kwenye blauzi nyeupe ya mama mmoja aliyekuwa mbele yangu. Mama yule ana maneno. Binti akadhani nimepasuka mshipa, akaita huduma ya kwanza. Mhudumu akanifuta paji la uso, akanusa kitambaa, akauliza taratibu kama na miguu nayo ingehitaji kung'arishwa.

Mkwe alitazama viatu vyake tu, ambavyo vina vumbi.

Alhamisi, 6 Agosti

Kwa amri ya binti, leo napumzika. Kasema kituko kimoja zaidi na mwakani nitabaki kwa jirani. Nikaitika. Kuitika hakunizuii kufikiri.

Nimefikiri hivi. Shemeji ana sitini na tisa. Shemeji ana kitambulisho. Kitambulisho kinakaa mfuko wa ndani wa koti, na koti linakaa nyuma ya mlango wakati shemeji anaoga, na shemeji akioga anaimba beti zote. Huu si wizi, ni kuazima ndani ya ukoo. Sura tunatofautiana kidogo, yeye mbaya zaidi. Lakini kwa vijana, wazee wote ni mzee yuleyule.

Ijumaa, 7 Agosti

Naandika polepole ili nisikosee hata kitu kimoja.

Niliwaambia naenda msalani. Nikaenda kwa msichana wa filimbi, nikamkabidhi kitambulisho cha shemeji kama mtu mwenye haki zake. Akatazama picha, akanitazama mimi, hakushtuka. Nilijua. Kisha akasema hongera babu, miaka sabini na miwili huonyeshi kabisa, lakini sheria ni ileile.

Nikamwomba asome tena. Akasoma. Sabini na miwili.

Basi shemeji ni muongo. Na mwaka jana alikuwa na sabini na mmoja. Sasa alipandaje? Mlango huu haupitiki. Nimejaribu mimi, bingwa.

Msichana aliniona nimeduwaa akanionea huruma. Akasema wazee wote huishia kule nyuma, akaninyooshea kidole. Nikaenda. Nyuma ya kibanda cha soda kuna behewa la mbao lililopakwa rangi kama Joka. Mbele yake feni kubwa. Pazia la mawingu. Unakaa, wanawasha feni, unapigwa picha. Kwenye kiti cha nyuma kuna sanamu la mwanamke. Kofia ya njano. Mdomo wazi.



Mtu mwingine angekimbia kumuumbua shemeji. Nami nilipiga hatua tatu. Kisha nikafikiri. Nikimuumbua, nitaulizwa kitambulisho nilikipataje, na picha mimi sina. Nikarudi hatua tatu. Nikakaa kwenye behewa. Nikamwambia wa feni aongeze. Akasema mwisho wake ndio huo. Nikafungua kifungo kimoja cha shati.

Jumapili, 9 Agosti

Tumerudi. Leo tumekusanyika kwa binti. Mkwe katundika picha yangu karibu na ya shemeji. Ya farasi wa waridi imekosa nafasi. Binti alisimama mbele ya picha mbili. Akauliza mbona yule mama wa kofia ya njano yupo kwenye zote. Nikasema kuna watu wanapenda sana magari yale, hawatoki. Shemeji akakohoa.

Kisha nikamwambia shemeji nimeokota kitu chake chini ya kitanda kule nyumba ya wageni. Nikampa kitambulisho, upande wa tarehe ya kuzaliwa ukiwa juu. Akakitazama. Akanitazama. Akaitazama picha yangu. Akasema upepo wa kule juu ni mkali. Nikasema unakata masikio.

Akainuka. Nikakaa.

Kiti kimebonyea. Kuna springi inachoma upande wa kushoto, na mlango ukifunguliwa baridi yote inaishia magotini. Nimekaa mpaka watu wakaaga.

Kabla hajaondoka, shemeji aliniinamia sikioni. Mwakani, bustani ileile inafungua mnara wa kudondoka. Mwisho miaka sitini na mitano. Anasema yeye atapanda.

Nimemwomba mkwe makopo mawili ya dawa ya viatu. Ile isiyotoka kwa maji.

Hayo yote ni kweli, na Joka nimelipanda. Anayebisha amuulize shemeji. Alilipanda kabla yangu, kiti kilekile, na mama yule alikuwa nyuma yetu sote wawili.