Kipimo cha Babu Hakitulii

Jumatatu, tarehe 3

Nimemaliza shule. Kila mgeni anauliza nitafanya nini sasa. Najibu "mm". Moyoni nina jibu refu, lakini wageni huwa wameshageukia chai.

Leo tumempeleka Babu kliniki. Babu ana ugonjwa sugu wa mapafu, wa miaka mingi. Tangu atoke hospitali analala kwenye kochi sebuleni, maana ngazi za kwenda chumbani kwake zimemshinda. Mtaalamu wa viungo akatueleza kwamba tatizo si kifua peke yake. Mtu akikosa pumzi hukaa. Akikaa sana, misuli ya mapaja inayeyuka. Misuli ikiyeyuka, hata kusimama kunamaliza pumzi, basi anakaa tena. Mapafu hayatarudi yalivyokuwa, akasema, ila mapaja yanaweza kurudi. Ale vizuri, na kila siku ajizoeze kukaa na kusimama kitini, kwa vipindi, akichoka apumzike. Katikati ya mwezi ujao atampima.

Baba Mkubwa aliitikia kwa kichwa kila neno. Tulipofika garini akatoa hukumu. Babu akifaulu, atabaki kwetu na kurudi chumbani kwake juu. Akishindwa, anahamia kwake, maana nyumba yake haina ngazi. Nyumba ya Baba Mkubwa ina makochi ambayo bado yamevaa nailoni. Ukikohoa, mtu anakuja na kitambaa kufuta meza. Babu akasema afadhali arudishwe wodini.

Babu ndiye mtu pekee ambaye mbele yake namaliza sentensi. Hawezi kuhama. Nitapanga mpango.

Alhamisi, tarehe 6

Mpango umekuja wenyewe, umebebwa na Shangazi.

Shangazi anafanya kazi kwenye maabara ya kusawazisha vipima mionzi, yaani kuhakikisha vinasoma sawasawa, hasa vile vya nyutroni. Nyutroni, kwa maelezo yake, ni chembe zisizo na adabu. Zinapenya vitu, zinagonga ukuta, dari, sakafu, kisha zinarudi. Kwa hiyo kipima kinahesabu zile zilizokuja moja kwa moja kutoka kwenye chanzo, pamoja na zile zilizodunda. Wao wanafanyaje? Wanaweka koni nene kati ya chanzo na kipima, izuie zile za moja kwa moja. Wanahesabu zilizobaki, wanazitoa kwenye jumla. Jibu linabaki safi.

Sikulala mchana wala sikula vizuri. Koni!

Maana kuna jambo nimeliona. Babu akifanya zoezi peke yake, anasimama kidogo tu, halafu anaulizia chai. Lakini jirani yetu yule mjane, tunayemwita Redio, akitokea kwenye dirisha lake, Babu anasimama kama askari aliyeitwa jina. Sasa nguvu ipi ni ya Babu, na ipi ni ya Redio? Hakuna aliyewahi kuuliza. Nitauliza mimi.

Jumamosi, tarehe 8

Koni imekamilika. Maboksi ya jokofu, gundi, kamba. Inafika kidevuni kwangu. Nimeisimamisha kati ya kiti cha Babu na dirisha.

Utaratibu: Babu anafanya zoezi bila koni kwa dakika moja ya saa ya ukutani, nahesabu amesimama mara ngapi. Anapumzika mpaka pumzi itulie na kile kibanio cha kidoleni cha kupimia oksijeni kiridhike. Anafanya tena na koni, nahesabu. Shangazi alisema kipimo cha mara moja si kipimo. Basi tunarudia asubuhi na jioni.

Bila koni: vizuri. Na koni: vibaya sana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu za Babu ni Redio. Nilimweleza matokeo. Akasema hayo angeniambia bure.

Redio naye akauliza kwa sauti, mtaa mzima ukasikia, kwani huyo mzee ana deni gani hata afichwe nyuma ya boksi. Nilijificha nyuma ya koni. Kumbe inafaa kwa mambo mengi.

Jumatano, tarehe 19

Balaa. Vipimo havitulii. Kila siku vinapanda kidogo, bila koni na hata na koni!

Kipima kizuri hakifanyi hivyo. Kitu kimeharibika. Nakishuku kiti. Nimekibadilisha, nikaleta cha jikoni ambacho ni kifupi zaidi. Babu akalalamika kwamba kile cha jikoni ni cha kukalia kuku. Nikamwomba avumilie kwa ajili ya sayansi. Vikashuka siku moja, halafu vikaanza kupanda tena. Saa ya ukutani nayo naishuku.

Binamu yangu, binti wa Baba Mkubwa, alikuja na mayai na maharage ya kuchemsha, na filimbi. Yeye anacheza mpira wa wavu, kwa hiyo anajiona daktari. Akasema Babu anapanda kwa sababu anapata nguvu, kwisha habari. Nilimwonea huruma. Watu wasio na koni wanaona mambo kijuujuu.

Babu aliyala mayai yote. Msaliti.

Jumapili, tarehe 30

Nilimtumia Shangazi ujumbe. Niliona haya kumwambia ni Babu, nikauliza tu: kama chanzo ni kilekile na hesabu zinapanda, nifanye nini? Akajibu kwamba hilo ni kosa kubwa, nikague kila kitu na nirudie vipimo vyote tangu mwanzo, tena na tena, mpaka vitulie.

Basi tumerudia. Asubuhi, mchana, jioni. Babu anapumzika, anarudia. Leo amepanda ngazi tatu za kwanza kuja kuniuliza kama tumemaliza. Nilimwomba ashuke haraka, anavuruga kipimo cha mchana.

Ijumaa, tarehe 11

Jumatatu ni kliniki, na vipimo bado vinapanda. Siwezi kumpeleka Babu kwenye mtihani na namba nisizoziamini. Ninao mpango wa akiba, wenye ncha mbili.

Ncha ya kwanza: Redio aje kliniki. Nilisimama chini ya dirisha lake nikikusanya ujasiri hadi nikamwagiwa maji ya vyombo. Akaomba radhi, akanipa taulo, akaniuliza nina nini. Nikasema Babu, kliniki, Jumatatu. Akasema atakuja, tena kitenge chake kipya kilikuwa hakina pa kwenda.

Ncha ya pili: mto. Kiti kikiwa juu, kusimama ni rahisi. Nimetafuta mto mnene kuliko yote ndani ya nyumba. Nitauweka wakati hakuna anayeangalia.

Jumatatu, tarehe 14

Mambo yote yameharibika, halafu yamekwenda vizuri. Sielewi.

Mto: mtaalamu wa viungo aliuona mkononi mwangu mlangoni. Akashukuru, akamwekea bibi mmoja aliyeumwa kiuno. Redio: alifika amependeza, akaanza kumwambia Babu asije akamwaibisha. Mtaalamu akatutoa wote nje. Wasindikizaji wasubiri kwenye benchi. Mlango ukafungwa.

Babu amebaki ndani. Peke yake. Bila Redio, bila mto, bila hata mimi. Baba Mkubwa akaanza kuongea kwenye simu kuhusu kitanda cha kununua. Nilifikiria meza ile inayofutwafutwa.

Mlango ukafunguliwa. Babu anahema, anacheka, mtaalamu amemshika bega. Akasema amefaulu na kuzidi, mapaja yamerudi, na hajui nyumbani tumemfanyia nini ila tuendelee hivyohivyo. Baba Mkubwa akakata simu. Binamu, aliyekuja na baba yake, akapuliza filimbi ndani ya kliniki, akafukuzwa. Redio akalia kidogo, akasema ni vumbi.

Babu akaniegemea sikioni, akaniambia, bibie, zile hesabu zako zimenitoa jasho kuliko jeshi. Nikaona haya. Nikajibu "mm", lakini mm ndefu.

Jumanne, tarehe 15

Babu amelala chumbani kwake juu. Alipanda mwenyewe, akipumzika katikati, na hakuna aliyemshika. Nyumba nzima ina furaha. Na mimi nina furaha, nimeruka hadi nikagonga taa.

Lakini nimefikiri vizuri, na sayansi haijanyooka. Jana alifanya vizuri kuliko siku zote akiwa hana Redio ndani. Haiwezekani. Yapo maelezo haya tu: Redio anapenya ukuta. Koni yangu ilikuwa nyembamba tangu mwanzo, na ndiyo maana vipimo havikutulia hata siku moja.

Ninajenga nyingine, ya mbao. Na ili safari hii chanzo kisibadilikebadilike, nimepanda juu nikamwomba Babu akae kitini mwezi mzima bila kusogea hata kidogo.

Amenikimbiza mpaka chini.