Uzinduzi wa Paa la Kivuli kwa Fainali ya Vyuo vya Jioni

Mheshimiwa mlezi wa ligi, ambaye hakuja lakini ametuma kiti chake, mheshimiwa mudiri, msimamizi wa maegesho haya, uliyetukubalia tukae hapa Al Rayyan, Uarabuni, mpaka mabasi ya kampuni yarudi, mheshimiwa mchungaji, uliyetoka kanisani Mesaimeer shati limelowa jasho, mheshimiwa ustadhi, manahodha wa Chuo cha Jioni cha Hoteli na Chuo cha Jioni cha Walinzi, bibi katibu Zuhura, mshika spika, wapishi, madereva, wahudumu, itifaki imezingatiwa, na mwisho, kwa kuwa hakuna mwingine wa kunitaja, mheshimiwa mimi mwenyewe, Mzee Makame, Mwenyekiti wa Kudumu wa Kamati ya Ratiba na Hali ya Hewa. (Makofi ya mtu mmoja.) Asante, Zuhura.

Ndugu wadau, mimi shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili nililikuta limejaa, lakini leo wanachuo wote hawa nikisema wacheze wanacheza, nikisema wakae wanakaa, na zaidi wamekaa. (Kicheko.) Fainali tuliipanga Aprili, likaja vumbi, nikaahirisha, tukaipanga Mei, likaja joto, nikaahirisha, na Ijumaa, siku yetu pekee ya mapumziko, asubuhi Wakristo wako ibadani, mchana Waislamu wako msikitini, alasiri jua linakaanga yai juu ya boneti, jioni walinzi wanaingia zamu, hivyo kamati yangu, baada ya utafiti wa fizibiliti na mchakato shirikishi nilioushiriki peke yangu, ikaona siku inayofaa ni ile isiyokuwepo kwenye kalenda. Matokeo yake? Asilimia mia moja ya mechi nilizoahirisha hazikupata majeruhi hata mmoja. (Kicheko kirefu.) Ligi gani nyingine ina rekodi hiyo?

Sasa huyu Kiptoo, mshambuliaji wa Walinzi, mkataba umeisha, anarudi kwao Eldoret, na wenzake wamebadilishana zamu ili leo wamchezee mechi ya kumuaga. Nikamweleza kitaalamu kwamba unyevu wa leo haujapitishwa na kamati. Akanijibu, na kijana ana adabu: “Mzee, ndege yangu ni kesho alfajiri. Fainali nimeingia hii moja tu maishani.” Iliniuma, lakini mwenyekiti habishani na hewa, nikamwambia matokeo tutampigia simu. (Miguno. Kuzomea kidogo upande wa madereva.)

Ndiyo maana nazindua Paa la Kivuli Linalotembea, paa la kimkakati, la kisasa, litakalolifuata jua juu ya uwanja kama mbuzi anavyofuata majani, (kipenga, nyuma ya mwenyekiti) na naona mmesogeza viti, vizuri sana, mnatazama eneo la mradi. Litakuwa na feni sabini. (Shangwe.) Mia, basi. (Shangwe kubwa zaidi, watu wamesimama.) Tangu nizaliwe sijasimamiwa hivi. Lakini nani amechukua kiti cha mlezi? Augustine, kipa wa Hoteli, anasema kinatakiwa kuwa mlingoti wa goli. Mpeni, mradi ni shirikishi. Na wewe Zuhura, mbona unaondoka na spika? Kumbe umekuwa mtangazaji. Haya, mapafu ninayo. (Gooo. Watu wanarushana, mchungaji amemkumbatia ustadhi.) Asanteni, nibebeni polepole, mgongo huu wa… Kumbe mnambeba Kiptoo.

Semeni nami: kivuli kwanza. (Mpira kwanza.) Ratiba oyee. (Kiptoo oyee.) Marekebisho yamepita, tena yamepita kwa uongozi wangu, andikeni hivyo, kwamba fainali ilichezwa juani kwa amri ya mwenyekiti aliyekuwa akiikataza.

Kwa kumalizia, namshukuru mudiri, ambaye namwona anapunga mkono kwamba mabasi yanataka kuingia. Nawashukuru Hoteli kwa kufungwa vizuri. Nawe Kiptoo, mwanangu, njoo nikushike hicho kichwa kilichofunga, nenda salama, na ukifika nyumbani waambie ulifunga goli la ubingwa chini ya paa letu. Wakikuuliza lilikuwa paa la nini, waambie la anga, maana la bati hatujawahi kuwa nalo, wala mchoro wake, wala fundi wake, wala mtu wa kumwomba. Asanteni kwa kunisikiliza, nyote wawili mliobaki.