Kioo cha Bibi Tsuyuko

Hidaka Shungo aliliona gari kabla hajamwona mwenye gari, na moyo ukamruka. Ilikuwa Jumapili asubuhi kwenye maegesho ya mlimani Hakone, ambako wenye magari ya spoti hukutana kunywa kahawa ya kopo na kufunuliana boneti. Shungo hakuwa na gari. Alikuwa na pikipiki, kisanduku na kibao: NAZIBA VIDONDA VYA KIOO, DAKIKA KUMI. Kokoto za mlimani ndizo zilizomlisha. Gundi yake, wateja wanisamehe, ilikuwa rangi ya kucha, ile isiyo na rangi.

Gari lilikuwa jeupe, la viti viwili, la mwaka 1971. Kioo chake cha mbele kilikuwa kimedonolewa na mchanga mpaka kikafanana na uso wa mtu aliyeugua tetekuwanga. Mwingine angekihurumia. Shungo alimeza mate. Bwana Nukaga, tajiri anayekusanya magari ya zamani, alikuwa tayari kutoa yeni milioni moja kwa kioo cha aina hiyo, mradi kiwe kilekile kilichotoka na gari kiwandani. Vijishimo havikumkera hata kidogo. Kwake ndivyo cheti cha kuzaliwa.

Mwenye gari, Bibi Orihara Tsuyuko, mjane wa miaka sabini na nne, alikuwa amekaa nyuma ya usukani akimenya yai.

"Pole, bibi yangu," Shungo alisema, akavua kofia.

"Pole ya nini? Nani kafa?"

"Kioo. Jua la asubuhi likikupiga, unaona nini?"

"Ukungu unaometameta tu. Nashuka mlima kwa kusikiliza."

"Na ukaguzi je?"

"Mwezi ujao." Sauti ikamshuka. "Wakilikataa, mwanangu, basi tena. Marehemu aliniachia gari na kasuku, na kasuku keshakufa."

Shungo akashusha pumzi ya mtu mwenye huruma nyingi kuliko anavyoweza kubeba. "Nitakuwekea kipya. Bure."

"Bure? Unaumwa?"

"Ni tangazo, bibi. Watu watauliza fundi nani. Na hii takataka ya zamani nitakuondolea mwenyewe. Unajua adha ya kutupa taka kubwa huku kwetu."

Bibi aliijua. Nani asiyeijua?

"Hiki ndicho kilichotoka nalo kiwandani?" Shungo aliuliza huku akijifanya anapiga miayo.

"Mambo ya viwanda sijui mimi. Muhuri si upo hapo pembeni, chini ya hirizi?"

Kweli, kona ya chini ilikuwa imebandikwa hirizi ya hekalu, ya kulinda wasafiri. Shungo akanyoosha ukucha.

"Bandua tu," bibi alisema, akafungua mlango. "Ila ngoja nisogee kwanza. Aliyebandua ya shemeji yangu aliteguka kiuno siku hiyohiyo."

Ukucha ukarudi. Usimcheke. Shungo hakuogopa polisi wala mahakama, lakini hirizi ni hirizi, na mimi pia nisingeibandua. Aliiinamia kidogo, wakakubaliana Jumatano.

Akauza pikipiki, mali pekee aliyokuwa nayo duniani, akanunua kioo kipya kabisa. Jumatano akakifunga nyumbani kwa bibi, mjini Odawara, safari hii kwa gundi ya kweli. Bibi akaleta chai na karatasi. "Marehemu alipenda maandishi," alisema. Shungo akaandika kwa furaha: kioo cha zamani ni takataka, hakina thamani, nimekichukua kwa hiari yangu, sina madai. Akagonga muhuri wake wa jina, ambao huko ndio sahihi.

Shungo alipomfikishia kioo, Bwana Nukaga aliibandua hirizi kwa mvuke wa birika, taratibu, akailaza juu ya sahani. Chini yake palikuwa na muhuri wa kiwanda cha vioo vya bei poa. Kioo kilikuwa na umri wa miaka minane.

"Wewe ni wa tatu," alisema. "Chenyewe cha kiwandani kipo kabatini kwa bibi, kimelala katikati ya magodoro. Nimembembeleza miaka ishirini, hauzi. Hiki cha kuendeshea kikichakaa, hupanda mlimani na yai lake."

Shungo alikibeba kioo kwa miguu hadi kwa bibi, jasho likimtiririka.

"Bibi, umeniingiza mjini!"

"Mimi? Nilikwambia ni cha kiwandani?" Akaivaa miwani na kuitoa karatasi. "Takataka. Hakina thamani. Mwandiko wako mzuri, mwanangu."

"Basi nikiache hapa."

"Mwenyewe uliniondolea. Asante sana. Hirizi yangu umekuja nayo? Nitaihitaji tena."

Shungo, Mungu amsaidie, aliitoa mfukoni na kumkabidhi kwa mikono miwili.

Ijumaa asubuhi alisimama na kioo chake kando ya lori la taka. Wazoa taka waliinama kwa adabu, wakatikisa vichwa: vioo vya magari hawachukui. Lori likaondoka. Ndipo gari jeupe lilipopita likielekea mlimani, jua likilipiga usoni, na bibi hakufinya hata jicho moja. Akapiga honi mara mbili.

Shungo angempungia, ila mikono yote miwili ilikuwa imeshika kioo.